Kuirudishia picha kompyuta ya CGA kwa monita ya leo

Monita yangu ya zamani ilikata roho kwa mlio mfupi na harufu ya plastiki iliyoungua. Kompyuta yenyewe ikabaki nzima: feni inazunguka, diski inakoroma, na kile kipiga kelele chake kinatoa mlio mmoja kuonyesha kwamba kila kitu kiko sawa. Unaandika DIR, unabonyeza Enter, unasikia diski ikisoma. Ila huoni kitu. Nyuma yake kuna kadi ya picha ya CGA, aina ileile ambayo IBM iliitoa pamoja na PC yake ya kwanza mwaka 1981, yenye tundu la pini tisa. Nyuma ya monita yangu ya sasa kuna VGA na HDMI. Nitaeleza nilivyotoka tundu lile hadi hili kwa chipu mbili, rezista kiasi cha kujaa kiganja, na ubao mmoja wa kubadilisha picha unaonunuliwa ukiwa tayari.

Kwanza elewa kwamba una matatizo mawili, wala si moja. Mimi nilipoteza wiki mbili kwa kudhani shida ni plagi tu.

Tatizo la kwanza ni aina ya ishara. CGA hutoa rangi kwa nyaya nne: nyekundu, kijani, buluu, na wa nne uitwao I, ambao kazi yake ni kuongeza mwanga. Kila waya una hali mbili tu, umewaka au umezima, kwa viwango vya TTL: ama karibu na sifuri, ama volti tatu na ushei. Nyaya nne zenye hali mbilimbili zinakupa rangi 16, basi. Ulimwengu wa VGA unataka kitu kingine kabisa: nyaya tatu za rangi, kila mmoja ukipanda na kushuka taratibu kati ya volti 0 na 0.7, ndani ya mzigo wa omu 75.

Tatizo la pili ni kasi. CGA huchora mistari kama 15,700 kwa sekunde, yaani kilohezi 15.7. VGA ilipokuja mwaka 1987 ilianzia kilohezi 31.5, na monita nyingi za leo hazishuki chini ya hapo. Hata ukizipa rangi zilizo sahihi kabisa, zitakuandikia kwamba masafa hayakubaliki, kisha zilale.

La kasi lina dawa ya dukani. Mimi nilichukua GBS-8200, ubao mdogo unaopokea picha ya kilohezi 15, unaiweka kwenye kumbukumbu na kuitoa upya kama VGA. Maelezo yake yanasema unapokea CGA. Nikashangilia. Nikaunga nyaya za rangi moja kwa moja kutoka kwenye kadi, nikawasha. Nilipata rangi nane badala ya 16, zote zinawaka kama taa za harusini, maandishi yanavuja mwanga pembeni. Mpwa wangu, aliyekuwa ananishikia tochi, akauliza:

"Mjomba, hapa pameandikwa CGA, na kule pia ni CGA. Sasa zinagombana nini?"

Swali zuri kuliko yote niliyojiuliza mimi. Kumbe ubao haukuwa na kosa lolote. Mimi ndiye sikuijua lugha yake. Bodi za namna hii zinalenga hasa mashine za michezo na za viwandani, na mafundi wa huko wakisema "CGA" wanamaanisha kasi ya kilohezi 15 tu. Hawasemi lolote kuhusu TTL. Ubao unangoja volti 0.7, mimi naupa zaidi ya tatu. Nilizima haraka, na kwa bahati haukuungua. Usinijaribie bahati hiyo.

Kwa hiyo kazi ya mikono iko katikati: kusanyiko dogo linalopokea TTL upande mmoja na kutoa analogi, yaani volti zinazopanda na kushuka taratibu, upande wa pili. Ubao utashughulikia kasi.

Vifaa. Chipu ya 74HCT244 na nyingine ya 74HCT86, pamoja na soketi zake. Rezista za omu 680, tatu. Za kiloomu 1.5, tatu. Moja ya omu 470. Sita za kiloomu 10. Kapasita mbili za nanofaradi 100. Plagi dume ya pini tisa, maana tundu la kadi ni jike. Umeme wa volti 5 uliotulia; chaja ya simu yenye afya inatosha, kwa sababu tundu la CGA halitoi umeme. Ongeza rezista mbili za omu 150 za kupimia, nitaeleza kwa nini.

Usikubali kupewa 74HC badala ya 74HCT. Herufi T ndiyo yenye maana hapa. Chipu ya HC ikila volti 5 inataka kuona kama volti 3.5 ndipo ikubali kwamba waya umewaka, na chipu za zamani kwenye kadi ya CGA hazikuahidi kufika huko. HCT inaridhika na volti 2. Ukiweka HC inaweza kufanya kazi leo, kesho joto likibadilika kijani kinapotea, nawe unalaumu waya.

Hesabu ya rezista ndiyo sehemu niliyoipenda, basi nivumilie kidogo. Tunataka waya wa rangi peke yake utoe theluthi mbili za mwanga, waya wa I peke yake utoe theluthi moja, na vyote viwili pamoja vijaze volti 0.7. Rezista ya rangi na rezista ya I zinakutana kwenye pini moja ya kutokea, na ndani ya ubao wa kubadilisha kuna omu 75 zinazovuta kuelekea graundi. Chipu ikitoa volti 5, omu 680 kwa rangi na kiloomu 1.5 kwa I zinakupa takriban volti 0.48 kwa rangi peke yake, 0.22 kwa I peke yake, na 0.69 zikiwaka pamoja. Huwezi kutaka zaidi kutoka kwa rezista za kawaida za droo.

Kwa nini chipu ya bafa, yaani inayopokea ishara na kuitoa upya kwa nguvu zake, na si rezista tupu kutoka kwenye kadi? Kwa sababu waya mmoja wa I unatakiwa kulisha rangi tatu kwa mpigo, na kadi ya zamani inachoka. Pia kama kitu kitaungua, heri iungue chipu ya kubadilishwa kwenye soketi kuliko kadi isiyotengenezwa tena. Na 74HCT244 imekaa kana kwamba ilingojea kazi hii: ina milango minane. Rangi tatu, I mara tatu, usawazisho wa mlalo na wa wima (mipigo inayoiambia monita mstari mpya na picha mpya vinapoanzia). Nane kamili, hakuna mlango unaobaki wala unaopungua.

Nyaya zinakwenda hivi. Namba ya kwanza ni pini ya tundu la CGA, zinazofuata ni za 74HCT244:

Nyekundu: 3 → inaingia 2, inatoka 18 → omu 680 → R
Kijani: 4 → inaingia 4, inatoka 16 → omu 680 → G
Buluu: 5 → inaingia 6, inatoka 14 → omu 680 → B
I: 6 → inaingia 8, 11 na 13 kwa pamoja, inatoka 12, 9 na 7 → kila moja kiloomu 1.5 → R, G, B
Mlalo (H): 8 → inaingia 15, inatoka 5
Wima (V): 9 → inaingia 17, inatoka 3
Graundi: 1 → pini 10, 1 na 19 za chipu
Volti 5: pini 20

Pini 1 na 19 ndizo zinazofungua milango. Zisipokwenda graundi chipu inakaa kimya kama imenuniwa. Kapasita moja ya nanofaradi 100 ikae kati ya pini 20 na 10, miguu mifupi iwezekanavyo. Kila waya kati ya sita zinazoingia uuwekee kiloomu 10 kwenda graundi, ili kompyuta ikichomolewa waya usibaki unaelea hewani na chipu ikaanza kuota ndoto.

Pini ya 2 ya CGA nayo ni graundi. Iache. Siku utakapochomeka kadi ya EGA, mrithi wa CGA, kwa kusahau, pini hiyo kule ni ya rangi, nawe utakuwa umeipeleka graundi moja kwa moja.

Sasa usawazisho. Ubao wa kubadilisha una kisoketi kidogo cha nyaya R, G, B, S na graundi, na S inataka H na V zikiwa zimechanganywa kwenye waya mmoja, mpigo ukielekea chini. CGA inazitoa mbili, mipigo ikielekea juu. Hapo ndipo 74HCT86 inapoingia. H kutoka pini 5 ya chipu ya kwanza iende pini 1 ya hii. V kutoka pini 3 iende pini 2. Mchanganyiko unatokea pini 3, ila mipigo yake bado inaelekea juu. Uingize pini 4, pini 5 uifunge kwenye volti 5, na pini 6 itakupa uliogeuzwa. Kutoka hapo pita kwenye omu 470 hadi S. Volti 5 pini 14, graundi pini 7, kapasita ya pili katikati yake. Pini 9, 10, 12 na 13 hazina kazi, zipeleke graundi.

Kuhusu plagi ya pini tisa nina la kusema. Namba zake zimechapishwa kwenye plastiki kwa herufi ndogo sana, tumia kioo cha kukuzia. Mimi nilijiamini, nikahesabu kutoka upande wa uso badala ya upande wa kulehemu. Ukifanya hivyo 1 inakuwa 5, 2 inakuwa 4, 6 inakuwa 9, 7 inakuwa 8. Lakini 3 iko katikati ya safu, inabaki 3. Nilipima waya mmoja tu kwa mita, mwekundu, ukalia vizuri, nikasema kazi imekwisha. Wakati huo buluu ya kadi ilikuwa inakwenda graundi na H haikwenda popote. Pima zote tisa.

Kabla ya kugusa kompyuta, pima kusanyiko lako peke yake. Lipe volti 5, kisha kwa kipande cha waya unganisha ingizo la nyekundu na volti 5 na upime R. Hapa ndipo zile omu 150 zinapohitajika: zifunge mbili sambamba, zinakuwa 75, ziweke kati ya R na graundi. Mara ya kwanza nilipima bila hizo. Mita ikasoma volti 3.4. Nikajiona nimekosea hesabu nzima, nikang'oa rezista zote sita na kuanza upya, nikaunguza na njia moja ya shaba juu yake. Kumbe bila mzigo hicho ndicho kipimo sahihi: 680 upande mmoja, 1500 upande wa pili, volti 5 zinagawana. Ukiweka mzigo unaona karibu 0.48. Kisha I peke yake, karibu 0.22. Vyote viwili, karibu 0.69. Rudia kwa G na B. Ikiwa moja inasoma tofauti na wenzake, umechanganya rezista, 1.5 na 15 zinatofautiana kwa mkanda mmoja tu wa rangi.

Zikilingana, zima kila kitu, unga R, G, B, S na graundi kwenye ubao, unga ubao na monita kwa kebo ya VGA, chomeka plagi kwenye kadi. Washa ubao na kusanyiko kwanza, kompyuta mwisho. Volti za ubao zisome kwenye ubao wenyewe, usiazime adapta yoyote iliyo karibu. Kama monita yako ina HDMI tu, kisanduku cha kawaida cha kugeuza VGA kuwa HDMI kitafanya kazi hapa, kwa kuwa kinachotoka sasa ni VGA halali. Usikiweke kabla ya ubao wa kubadilisha; hakijui lolote la kilohezi 15.

Picha ikitokea, usifurahie C:\> peke yake, ni kijivu kwenye nyeusi, haikwambii mengi. Ingia GW-BASIC, lugha ya kuandikia programu ya enzi hizo, uandike:

10 CLS
20 FOR C=0 TO 15
30 COLOR C
40 PRINT C, STRING$(20,219)
50 NEXT
60 COLOR 7

Utapata mistari 16, kila mmoja na rangi yake. Wa kwanza hauonekani, ni mweusi juu ya mweusi. Namba 8 iwe kijivu cha giza. Kama nayo haionekani, I haifiki popote, angalia pini 6 ya plagi. Kama 8 inaonekana lakini imeegemea rangi fulani badala ya kuwa kijivu tupu, angalau mlango mmoja wa I umekatika. Kama 1 hadi 7 ziko sawa na 9 hadi 15 zimepauka hadi zinafanana, kuna rezista ndogo mno upande wa I. Ubao wangu una skrubu tatu ndogo za kurekebisha rangi, nazo nilizigusa mwisho kabisa. Ukianza nazo unafunika kosa badala ya kulitoa.

Namba 6 itakusumbua macho. Kwa hesabu ya nyaya, nyekundu na kijani bila I ni njano iliyofifia, inayokaribia rangi ya haradali. Lakini monita ya rangi ya IBM, 5153, ilikuwa na sakiti ya ziada iliyopunguza kijani kwenye rangi hiyo moja tu ili ionekane kahawia. Kusanyiko hili halina sakiti hiyo. Inawezekana kuiongeza kwa milango michache zaidi. Mimi sijaona haja, ardhi na magogo kwenye michezo yangu yote ni ya haradali na nimezoea.

Picha ikitetemeka au ikipinda juu, mara nyingi ni S. Angalia kama umeunga pini 3 ya 74HCT86 badala ya pini 6. Nilifanya hivyo pia, na ajabu ni kwamba picha ilitokea kwa sekunde kadhaa, ikajikunja kama karatasi inayoungua, ikapotea, ikarudi. Ikiwa haitulii hata hivyo, tafuta graundi: waya wake uwe mnene na mfupi, na usitegemee ganda la plagi.

Ukali wa picha usikudanganye. Ubao huu unapokea analogi na kuitanua, kwa hiyo maandishi ya safu 80 yanasomeka bila kuumiza macho lakini hayana makali ya wembe. Anayetaka kila nukta isimame peke yake atafute RGBtoHDMI, mradi ulio wazi kwa kila mtu unaotumia Raspberry Pi Zero. Huo unasoma TTL kama ilivyo na kutoa HDMI, hatua ya rezista haipo kabisa. Ulianzia kwenye BBC Micro, kompyuta ya zamani ya Uingereza, na umeenea hadi CGA. Mimi nilikuwa tayari na chipu kwenye droo, na nilitaka kuona volti kwa mita yangu.

Mwenye kompyuta ya Commodore 128 anaweza kutumia kusanyiko hilihili kwa safu zake 80: tundu lake la pini tisa lina mpangilio uleule, isipokuwa pini 7, ambayo huku hatuitumii. Mwenye kadi ya MDA au Hercules, zile za picha ya rangi moja, asijaribu. Tundu linafanana kwa umbo, lakini picha iko pini 7, na kasi ni kilohezi 18.4.

Nilipokwisha kufunga kila kitu kwenye kisanduku na kufungua programu ya kuandikia, skrini ikaanza kumwaga vitone vyeupe kila nilipopandisha ukurasa. Mpwa akanyoosha kidole: "Mjomba, imeharibika tena." Nikashika bisibisi. Kisha nikakumbuka kwamba monita iliyokufa nayo ilikuwa hivyohivyo miaka yote. Ni kadi: kwenye maandishi ya safu 80, prosesa ikiandika kwenye kumbukumbu ya picha wakati uleule kadi inaposoma, vitone vinatokea. Nikarudisha bisibisi kwenye droo.